Bi Herufi na Kisu Butu

Mtaani walimwita Bi Herufi, maana kwa miaka ishirini na saba mabango ya maduka, milango ya ofisi na ubavu wa malori, vyote viliandikwa na yeye. Alipiga herufi kwa brashi bila rula, zikakaa kwenye mstari kama wanafunzi wanaomwogopa mwalimu. Watu wakimsifu, alisema tu, "Ni Mungu, si mimi," akaendelea kuchovya brashi yake.

Basi mwaka ule mkono wa kulia ukaanza kutetemeka.

Ulianzia kwenye S ya neno Saluni. Akadhani ni njaa. Akala, akarudi, ile S ikatoka imejikunja kama nyoka aliyekanyagwa. Akaifuta haraka, akasingizia jua kali, akamwambia mwenye saluni atarudi kesho. Hakurudi. Tangu siku hiyo hofu ilihamia kifuani mwake na virago vyake vyote. Alipika nayo, akasali nayo. Hakumwambia mtu, hata mumewe, fundi wa plasta, mwanamume mpole mwenye vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi. Aliona kwamba akilitamka tu, litakuwa kweli.

Kazi za maandishi akawa anazikwepa moja moja. Ndipo Sista, muuguzi mkuu wa zahanati ya jirani, alipomwomba picha kubwa ya vilima na bonde, ya kutundikwa wodi ya wazazi, ili akina mama wenye uchungu wapate pa kuegesha macho. Angekuja kuiona Ijumaa. Bi Herufi angekataa, angeulizwa kwa nini. Akakubali.

Muuza fremu akamshauri aachane na brashi, ajaribu rangi nzito za tyubu na kisu chake.

"Hakina makali, Bi Herufi. Unapakua rangi, unaibandika. Humo hamna vimistari."

Vimistari ndivyo alivyokuwa akivikimbia. Akanunua.

Jumatatu, kwa kuwa nayo iliitwa rangi ya mafuta, aliifanyia kama ile ya kopo aliyoizoea: akaizimua kwa tina. Anga lote likateremka, likamwagikia bondeni. Jumanne hakuizimua, lakini alikishika kisu kwa ncha za vidole kama brashi, na kwa mazoea ya herufi akataka kila kilima kiwe na ukingo safi. Akakwangua, akasawazisha, akarudia tena, mpaka kijani na njano na kahawia vikawa tope moja. Na kisu kikawa kinagonga fremu: tak-tak-tak-tak. Sasa alikuwa hauoni tu ule mtetemo, alikuwa anausikia pia.

Mumewe alikuwa amerudi kula. Akasimama mlangoni.

"Unachora au unabisha hodi?"

Akauficha mkono kwenye mikunjo ya aproni. "Nachora, baba watoto. Nenda kanawe."

Mzee hakwenda. Alikiangalia kile kisu, akacheka. "Huu si mwiko wa plasta huu, umekosa lishe tu? Sasa mwiko gani unashikwa kwa vidole, mke wangu? Nguvu inatoka huku." Akajipiga begani. "Bandika, vuta mara moja, toka. Ukirudi kuusumbua, ukuta unachubuka."

"Naogopa nitaharibu."

"Mbona umeshaharibu? Sasa unaogopa nini tena?"

Alicheka peke yake, kisha akakaa pale mlangoni kitambo kirefu kuliko ilivyohitajika.

Jumatano alikwangua tope lote, akaanza upya. Alikaza kiwiko, akasukuma kwa bega. Vidole vilitetemeka vilevile, ila mvuto ulikuwa mkubwa kuliko mtetemo. Kilima kikatokea kwa pigo moja, kimetuna, mgongo wake ukidaka mwanga wa dirishani. Hakukirudia. Kila pigo lilikuwa la mwisho, halirudiwi, lakini Alhamisi jioni bonde lilikuwepo, na njia ndani yake, na mvua ikitishia kwa mbali.

Ijumaa asubuhi akaligusa. Bichi! Rangi ya kopo ingekuwa imeshakauka siku ile ile. "Ee Mungu," akasema, "na hii nayo nimeikosea." Na Sista akawa anabisha.

"Usiiguse, Sista, haijakauka!"

"Hata ikae mwezi, tutaingoja." Sista alisimama mbele ya picha, mkoba ukamteleza begani asiukumbuke. "Hapa ndipo nitakapowaambia waangalie," akasema. Kisha akaiona brashi nyembamba dirishani, akamletea. "Haya, pale chini tuandikie 'Wodi ya Wazazi'. Unavyopiga hizo herufi bila rula nasimuliwa tu. Leo nikuone kwa macho yangu."

Bi Herufi aliipokea brashi. Angeweza kusema kwamba rangi mbichi haiandikiwi juu yake. Ulikuwa uongo mzuri, nusu yake kweli, na ulikuwa umeshafika ulimini.

"Herufi siwezi tena, Sista," akasema. "Mkono unatetemeka. Miezi mitano sasa."

"Mitano?" Ilikuwa sauti ya mumewe, nyuma yao. "Mimi nilihesabu mitatu."

Akageuka. Kumbe alijua! Mzee aliinamisha macho kama aliyefumaniwa.

Sista aliichukua ile brashi polepole, akaiweka chini, akavuta stuli. "Umeonana na daktari?"

"Naogopa atakachoniambia."

"Ningekuwa wewe, hata mimi ningeogopa. Kaa hapa. Nyoosha mkono, vidole vitanue, nione."

Bi Herufi alimtazama mumewe. Mzee alikuwa amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili. Bi Herufi akakaa. Akautoa mkono kwenye aproni, akaunyoosha mbele ya watu kwa mara ya kwanza, katika mwanga wa dirisha. Ukatetemeka weee, bila kitu cha kuushikilia, naye hakuurudisha.