Kula kwa Watu

Mwaka huu nimegombana na mama yangu mzazi kwa sababu ya chakula, na anayeona chakula si jambo la kugombania akae pembeni, hii si yake. Mimi naliona ni jambo kubwa. Na hasira zenyewe hazikuanza mwaka huu. Zilianza nikiwa mtoto wa darasa la pili, Kariakoo, kwenye nyumba ya babu yangu mzaa baba, nyumba ya Kiswahili yenye korido katikati, vyumba huku na huku, na uani kwa nyuma ambako mama alipikia.

Mama alikuwa na sheria moja ambayo haikuwa na msamaha: hatuli kwa watu. Ukitumwa kwa jirani ukakuta wanakula, wakikukaribisha unasema, "Ahsante, nimeshiba." Hata kama hujatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Hata kama ni sikukuu. Tukienda naye mahali, hakuhitaji kusema neno, alikata jicho tu, na mkono uliokuwa njiani kuelekea sahani ulirudi wenyewe. Watoto wa wenzake walikula, wakaramba vidole, wakaongezewa. Sisi tulikaa kwenye mkeka tumeshiba.

Ng'ambo ya barabara, juu ya duka la vitambaa, iliishi familia moja ya Kihindi, na binti yao tulikuwa tukicheza pamoja. Siku moja ya Diwali mama yake alitoka jikoni na sinia. Nakumbuka kila kilichokuwemo. Kulikuwa na jalebi za moto, shira bado inachuruzika, bhajia za dengu zenye giligilani na pilipili mbichi, chevda ya kutafuna yenye karanga, na kitu cheupe cha maziwa na iliki ambacho jina lake sikulijua. "Kula, mtoto. Iko moto," akasema. Nikasema nimeshiba. Tumbo likanguruma pale pale, wote wakasikia, na rafiki yangu akacheka mpaka akakaa chini. Nilirudi nyumbani nikamsimulia mama, nikitarajia angalau anihurumie. Alikuwa anakuna nazi. Bila kugeuka akasema, "Vizuri," akaendelea kukuna.

Ile "vizuri" ilinikera, na inanikera mpaka leo. Nani alifaidika? Yule mama alisikitika, mimi nilikufa njaa, na jalebi zikapoa.

Ndiyo maana nilipoanza kupata mshahara wangu, kazi ya ofisini pale Posta, niliapa kwamba sitasema tena "nimeshiba" maishani. Nimekula. Nimekula mihogo ya kukaanga na chachandu nimesimama kwenye tope, mvua ikiniingia shingoni. Nimekunywa juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi mpaka muuzaji akaniuliza kama nyumbani hakuna maji. Nimekaa kwenye mabenchi ya kahawa pamoja na wanaume, wakanitazama, nami nikaagiza kikombe cha pili na kashata. Nikisafiri kikazi, wenzangu huuliza hoteli ina intaneti, mimi huuliza wenyeji wanakula wapi. Mwanza nimekula sato aliyekaangwa akakauka mapezi, Moshi nimekunywa mtori wa ndizi asubuhi ya baridi, Bukoba nimetafuna senene, wale panzi wa kukaanga, huku mwenzangu wa ofisini amefumba macho. Mume wangu husema mimi siendi safari, naenda kula mbali. Sawa, na iwe hivyo.

Basi mwaka jana warithi wa babu waliuza ile nyumba. Baba zangu wadogo walikutana, wakazungumza, wakakubaliana, na mama, mjane wa kaka yao, akaambiwa mwishoni kama anavyoambiwa mpangaji. Nyumba ikabomolewa, na sasa pana shimo na nondo, panajengwa ghorofa. Ile ni hasira nyingine, sitaigusa hapa maana sitamaliza. Mama akaja kwangu na sanduku lake, mkeka wake na mito miwili. Mimi na mume wangu tunapanga humo humo Kariakoo, ghorofa ya nne, na watoto wameshaondoka. Nikampa chumba chenye dirisha la barabarani.

Na kusema kweli nilifurahi. Nilijiambia, sasa ni zamu yangu, nitamlisha mwanamke huyu mpaka achoke.

Siku ya kwanza nilipika wali wa nazi, mchuzi wa changu wa ukwaju, mchicha na tui zito, na kachumbari. Nikafungua kabati, nikatoa vyombo vya kioo nilivyopewa harusini, ambavyo mimi na mume wangu hatujawahi kulia. Nikatandika kitambaa mezani. "Karibu mama," nikasema. "Karibu sana."

Mama akala tonge chache, akafuta mdomo kwa ncha ya khanga, akasogeza sahani. "Alhamdulillahi. Nimeshiba, mwanangu. Mungu akubariki."

Nikadhani ni uchovu wa kuhama. Kesho yake nikapika pilau. Keshokutwa supu ya pweza, halafu ndizi mbichi na nyama ya mbavu, halafu biriani ambalo lilinila Jumapili nzima. Nilishuka sokoni alfajiri kuchagua samaki aliyetoka mnada wa feri asubuhi ile ile, nikambana muuza viungo mpaka akanifungulia gunia jipya. Kila siku vyombo vya kioo, kila siku karibu mama, na kila siku tonge chache na lile neno. Mume wangu ndiye aliyemaliza vilivyobaki. Suruali zilianza kumkataa.

Siku moja nilimkuta mama jikoni ameshika kisu, anataka kumenya vitunguu. Nikampokonya. "Mama, kaa. Umepika maisha yako yote, sasa kazi yako ni kula tu." Akaniangalia, akafuta mikono, akarudi chumbani kwake. Nami nikajiona binti mwema kweli kweli.

Baada ya miezi miwili blauzi zilimwelea na mashavu yaliingia ndani. Nikampeleka hospitali. Wakampima kila kinachopimika, na daktari, kijana mstaarabu, akaniambia, "Mama hana tatizo lolote. Ale tu." Nilitaka kumrushia faili. Ale tu! Kwani mimi namfunga mdomo?

Halafu kaka yangu akapiga simu kutoka Dodoma. Alikuwa ameona picha ya mama kwenye simu ya mtu. "Dada, unamlisha nini mama?" Sauti yenyewe kama ya askari. Nikamwambia nampikia vitu ambavyo yeye hajavila tangu azaliwe. Akasema mwisho wa mwezi anakuja kumchukua, na kama nina la kusema niseme mbele ya mama. Nilikata simu. Watu wa ukoo wote wangejua kwamba mama alikondea kwangu, akaenda kunenepea kwa kaka. Na zaidi ya ukoo, mimi mwenyewe nilimtaka abaki. Nilitamani kusikia anavyokohoa asubuhi akienda kutawadha.

Katikati ya hayo ukaja mwaliko wa harusi ya ndugu huko Tanga, tukaenda mimi na yeye. Basi liliposimama Chalinze ili abiria wapate kula, nilimwuliza mama kwa kutimiza wajibu tu kama atashuka. Akashuka. Akaenda moja kwa moja kwa mchoma kuku, akachagua, akakataa kipande, akachagua kingine, akabishana bei, akaongeza ndizi za kuchoma. Alikula amesimama, mafuta yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Akataka pilipili zaidi. Tulipofika Muheza akanunua machungwa dirishani na kuyala yote, maganda akiyakusanya kwenye mfuko. Mimi nilikaa pembeni yake nimeshika soda, sijui nicheke au nilie.

Nikasema, basi, hamu imerudi. Tulipofika nyumba ya harusi wakaleta sinia la pilau lililojaa nyama. Mama akasema, "Tumeshiba, tumekula njiani." Na akakata jicho. Mimi, mwanamke mwenye watoto watu wazima, nikarudisha mkono!

Njiani kurudi akala tena. Mayai ya kuchemsha na kachumbari, mahindi, korosho. Uvumilivu ukaniisha.

"Mama, mbona hapa unakula?"

"Hapa nimenunua changu. Nakula nikitaka, naacha nikitaka. Hakuna anayesimama juu ya kichwa changu kuhesabu matonge."

"Na kwangu?"

Akafuta vidole kimoja kimoja. "Kwako chakula kizuri sana, mwanangu. Mungu akubariki."

Maneno yale niliyajua. Ndiyo aliyoyasema mlangoni kila tulipoaga nyumba za watu, kwa sauti ile ile, na sisi watoto nyuma yake tumbo tupu. Kumbe kwangu nako ni kwa watu. Yeye ndiye aliyenizaa, na bado ananiaga kila siku mezani kama jirani wa mtaa wa pili. Nilikasirika mpaka masikio yakaniuma.

Kesho yake nilirudi kutoka kazini jioni, nimechoka, na hasira imelala nami na kuamka nami. Mama alikuwa amekaa sebuleni, amevaa vizuri, mikono mapajani, anasubiri kukaribishwa. Mume wangu alikuwa anatafuta kofia aende msikitini. Sikumwamkia hata shikamoo. Nikatupa mkoba kwenye kochi.

"Mama, leo sipiki. Kesho sipiki. Nimechoka kupikia mtu aliyeshiba. Mwenye njaa jiko lile pale."

Mume wangu akasema, "Astaghfirullah," akatoka bila kofia. Nikaingia chumbani, nikajitupa kitandani na viatu. Hakuna mtoto wa Kiswahili anayemwambia mama yake maneno yale akategemea kulala usingizi, lakini sikujuta. Nilikuwa nimeghadhibika, na nikilala pale niliendelea kumjibu kaka yangu kichwani, na mama, na baba zangu wadogo, na yule daktari.

Baadaye nikasikia kabati la jikoni linafunguliwa. Sufuria zikagongana. Nikamsikia mama anasema peke yake, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu aje: "Sufuria gani hizi! Kitako chembamba, unaunguza wali unaona. Na chumvi anaiweka juu kabisa, kwani anamficha nani?" Maji yakamwagwa. Kiberiti kikagoma, akakitukana. Ikaanza kunuka kitunguu kinachoiva kwenye mafuta ya nazi, halafu nyanya, halafu dagaa.

Dagaa wale ni wa mume wangu. Nilikuwa nimewafungia kwenye kopo nyuma kabisa, maana nisingethubutu kumwekea mama yangu dagaa mezani.

Nikavumilia. Harufu ikapita chini ya mlango ikanifuata kitandani. Mwishowe nikainuka, bado nimenuna, nikaenda mpaka mlango wa jikoni.

Alikuwa ametandika mkeka wake sakafuni, amenyoosha miguu, khanga imemshuka begani. Mbele yake kulikuwa na ugali kwenye mfuniko wa sufuria na dagaa kwenye bakuli la plastiki tunaloloweka maharage. Alikuwa anakula. Alikata tonge kubwa, akalichovya, akalitia mdomoni, akatafuna huku anapumua kwa pua kwa sababu ya pilipili. Akakata jingine.

Nikasimama pale. Hakunikaribisha.

Kwetu anayekula humkaribisha yeyote anayetokea, hata mpita njia, hata mtu mliyenuniana mwaka mzima. Mama yangu aliniona, akaniangalia usoni kabisa, akaendelea kutafuna. Damu ikanipanda. Nikawaza, hivi ndivyo alivyonichukia? Nimsimamie mlangoni kama paka? Nilitaka kumwambia kitu kibaya zaidi ya kile cha mwanzo.

"Vile vyombo vyako vya kioo," akasema mdomo umejaa, "nimevifunga kwenye gazeti, nimevirudisha kabatini. Ungevivunja vyote. Wageni wakija utawapakulia kwenye nini?"

Nilikuwa bado na hasira, na nadhani hata sasa ninazo, kwa ajili ya miezi ile yote na biriani lile. Lakini njaa ilikuwa kubwa. Nikavua viatu, nikakaa kwenye mkeka mkabala naye, nikapeleka mkono kwenye ugali.

Akanichapa kofi mkononi, la nguvu, likalia.

"Umenawa?"