Safi Kulia, Fifi Kushoto

Mwaka ambao wanunuzi binafsi wa pamba walianza kuingia Kasoli na malori yao, mimi nilirudi kwa mama nikiwa na begi moja na sina mtoto. Binti yangu alikuwa amefariki Lamadi, ana miezi kumi na mmoja. Baba yake, mvuvi, alihamisha kambi yake baada ya miezi miwili, na mimi hakunihamisha. Basi nikapanda gari. Mama alinipokea begi, akaniuliza kama nimekula. Hakuuliza lingine, na kwa muda mrefu mimi sikusema lingine.

Nilichofanya ni kuandika. Nilikuwa na elimu ya darasa la saba, mwandiko mzuri na kichwa kigumu. Siku hizo magazeti mapya yalizaliwa kila kukicha, na mengine yalifika Bariadi mjini, yamechelewa siku mbili. Moja lilikuwa na ukurasa wa visa vya wasomaji. Nikajipangia: nitaandika kisa cha mwanangu, kitachapishwa, na baba yake atakiona popote alipo, hata kwenye kipande kilichofungiwa vitumbua. Nilikuwa na hasira, sitaficha, na niliamini itaniisha siku nitakapokiona kisa changu gazetini.

Nikaandika, nikanakili, nikapeleka posta Bariadi. Kimya. Nikaandika upya, nikazidisha machozi. Kimya. Mara ya tatu nikamtia daktari mwema na mvua dirishani. Kila nilipokwenda mjini nilinunua gazeti, nikalifungua ukurasa ule nimesimama palepale juani, nikalikunja. Baada ya mara ya nne nilirudi nyumbani nikatupa daftari juu ya magunia, nikatangaza kwamba mimi na kuandika basi.

Mama alikuwa anachambua pamba, akasema sawa.

Zamani, chama cha ushirika kilipokuwa mnunuzi pekee, karani alizamisha mkono hadi begani ndani ya gunia lako. Akikuta fifi, yaani ile pamba ya manjano iliyoharibiwa na wadudu au mvua, alikurudisha nayo nyumbani mbele za watu. Ndiyo maana kila nyumba ilichambua: safi kulia, fifi kushoto. Wanunuzi wapya hawakuwa na muda huo. Walikimbizana kujaza malori kabla mwenzao hajafika, na wakachukua yote kwa bei moja. Majirani waliacha kuchambua msimu huohuo. Mama hakuacha, nami nilimwona mshamba.

Siku moja nilimsindikiza kwenda kuuza. Tulikuwa na magunia matatu ya safi na moja la fifi, ambalo alilifunga kwa kamba nyekundu ili mtu asikosee. Mnunuzi aliyapima, akayafungua yote manne, akayamwaga kwenye rundo moja huku anaongea na mtu mwingine. Wiki tatu za vidole vya mama. Nilifungua mdomo nimtukane, lakini mama alikuwa ameshakunja magunia yake matupu na anamuaga kwa adabu.

Kesho yake asubuhi nilitoka nje nikamwamkia mama kwa Kisukuma chetu, "Mwangaluka, mayu." Akaitikia bila kuinua kichwa. Alikuwa ametandika turubai na kumwaga pamba mpya, safi kulia, fifi kushoto.

Hapo udadisi ukanishinda. Nilikaa karibu naye asubuhi ile na zilizofuata, nikimchunguza. Kuna tonge la pamba alilitupa upande bila kulitazama, na kuna jingine aliligeuzageuza, akalipuliza, akalirudia. Mimi sikuona tofauti. Alipokwenda jikoni nikamtega: nikatoa tonge moja kushoto nikalichanganya na safi. Alirudi, akakaa, akalirudisha lilikotoka huku anaendelea kunisimulia habari za mbuzi wa jirani.

"Mayu," nikamwambia, "si ulimwona yule anavyomwaga?"

"Nilimwona."

"Sasa unamchambulia nani?"

Alifikiri kidogo, kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa. Akasema hajui. Akasema tangu aolewe hajawahi kujua pamba yake inakwenda wapi, wakati wa chama hakujua na sasa hajui. Kisha, kwa sauti ileile ya habari za mbuzi, akasema mwaka aliofariki kaka yangu, yeye mwenyewe alikaa hapa kwenye turubai msimu mzima. "Nilikuwa nashika chafu, nasema hii chafu. Nashika safi, nasema hii safi. Baadaye nikaanza kula."

Akauliza daftari langu lina nini. Nikamsomea, nikigeuza kwa Kisukuma kadiri nilivyokwenda. Vidole vyake havikusimama mpaka pale mtoto anapofia mikononi mwangu, ananitazama.

"Si alikuwa na jirani yako?" aliuliza taratibu.

Mama alikuwa sahihi. Alikuja mazikoni, aliambiwa yote. Mtoto aliamka na homa, ikashuka, nikamwacha kwa jirani nikaenda stendi na beseni la samaki wa kukaanga, kwa sababu mabasi ya asubuhi hayasubiri mtu. Nilikuwa nimeandika kisa kile mara nne, na mara zote nne nilijiweka pale alipofia.

Nilimnunia mama siku mbili. Siku ya tatu nilichukua daftari nikakaa pembeni ya turubai, nikaandika: Siku ile nilikuwa stendi, nauza samaki. Nikasubiri kitu kitokee. Hakikutokea kitu, isipokuwa sentensi ya pili.

Tangu hapo niliandika kila asubuhi, tangu mama anapotandika mpaka jua linapotufukuza. Siku nyingine ulipatikana mstari mmoja. Nilikuwa natafuta, na nilishangaa ninavyovipata: kwamba mtoto alikula udongo wa ukuta wa upande mmoja tu wa nyumba, kwamba alichukia maji ya kichwani lakini ya miguuni aliyapenda. Nililia sana wiki zile, nikala pia. Kabla ya hapo nilikuwa najitetea tu. Sasa nilikuwa namkumbuka mwanangu.

Daftari lilikaribia kujaa wakati lori liliposikika tena barabarani. Mama alikuwa anafunga magunia, akaniuliza kama nitapitiliza mjini, nilipeleke posta. Niligundua kwamba sikuwa nimelifikiria gazeti kwa siku nyingi, wala baba yake mtoto.

"Bado," nikamwambia. "Leo ndiyo nafika siku aliyocheka mara ya kwanza."

Mama akaliacha gunia wazi, akaketi chini karibu yangu.

"Alicheka nini?" akauliza.