Mjumbe Aliyekaa Jikoni

Kamati yetu ilikuwa na wajumbe wanne, na mmoja wao hakuruhusiwa kukaa kikaoni. Sharti hilo nililileta mimi. Nilikuwa nimesoma kwamba kule Marekani, kamati inayopanga timu za wanawake wa vyuo vikuu kwenye mashindano makubwa ya mpira wa kikapu ina utaratibu wake: chuo chako kikianza kujadiliwa, unainuka na kutoka nje, usije ukakipendelea. Niliwasimulia wenzangu kama jambo la kuchekesha tu. Lakini mwenyekiti wetu ni Mkenya, na Mkenya akishapewa kanuni ya kikao haiachii. Aligonga meza kwa kijiko, akamgeukia mwenye nyumba aliyetukaribisha, akamwomba kwa heshima zote aondoke sebuleni kwake mwenyewe.

Mwenye nyumba alicheka, akachukua kikombe chake cha chai, akaenda jikoni. Binti aliyekuwa anajadiliwa alikuwa wake.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba kwake, Hallonbergen, kitongoji cha Stockholm, ghorofa ya nne. Nimepanga vyumba vingi maishani. Shule niliiacha Kigoma kabla sijamaliza kidato cha pili, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kuingia mji, kuuliza maswali mengi, na kuhama. Nimepakua samaki, nimeuza simu za mitumba, nimeosha vyombo Athens. Stockholm nilikuja kwa msimu mmoja wa kiangazi, baridi ikanikuta nikiwa bado nauliza. Dada huyu, Mrundi, alinipa chumba cha binti yake kwa kuwa binti alikuwa Marekani, akisoma na kuchezea timu ya chuo. Ukutani, karibu na mlango, kulikuwa na alama za penseli za urefu wake. Ya mwisho ilikuwa juu ya kichwa changu.

Dada alisafisha ofisi Kista. Miaka yote binti alipokuwa akicheza kwenye kumbi za huku, mechi zilikuwa jioni na wikendi, na zamu zake pia zilikuwa jioni na wikendi. Alimwona mara chache, tena akiwa amesimama mlangoni, hajavua koti. Marekani hakuwahi kumwona kabisa. Mechi alizitazama kwenye simu siku iliyofuata, alfajiri, mezani jikoni, kabla ya kwenda kazini. Nilikuwa nakaa naye kwa sababu mchezo huo ulikuwa umenishika. Nilikuwa nikisoma kila kitu juu yake, hadi timu ambazo sikujua ziko jimbo gani. Yeye mchezo hakuujua sana. Hakujua hata kwa nini mwamuzi anapuliza filimbi. Alimtazama mtu mmoja tu tangu mwanzo hadi mwisho, hata mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja, na binti akianguka alikuwa akisema "pole" kwa sauti ya chini, kama vile simu ingeweza kuifikisha.

Huo ulikuwa mwaka wa mwisho wa binti chuoni. Dada alikuwa amebakiwa na likizo ya wiki moja, na msimamizi wake alitaka kujua mapema ataichukua lini. Kwa hiyo palikuwa na swali moja: aende wiki gani? Mwisho wa Februari kulikuwa na mechi ya mwisho ya nyumbani, ile ambayo wachezaji wanaomaliza chuo huingia uwanjani wameshikwa mkono na wazazi wao, watu wakipiga makofi. Hiyo ilikuwa ya uhakika. Au angesubiri Machi, aende kwenye mashindano yenyewe. Binti alitaka Machi. Alisema timu yao haijawahi kuwa nzuri vile, kwamba safari hii watapewa namba ya juu na watacheza nyumbani, mama aje aone kitu chenyewe.

Hapo kwenye namba ndipo kamati ilipopatia kazi. Timu zaidi ya sitini huingia kwenye mashindano hayo. Hugawanywa katika mafungu manne, na ndani ya kila fungu hupewa namba, moja ikiwa bora na kumi na sita ikiwa ya mwisho. Wenye namba moja hadi nne hucheza mechi za mwanzo kwenye ukumbi wao. Wengine wote huwafuata huko. Ukipewa tano unaweza kujikuta upande mwingine wa Marekani, unacheza katikati ya kelele za mji usiokujua. Na ukishindwa mara moja, msimu umekwisha.

Mwenyekiti ni mhandisi. Alikuja kusoma, akaoa, akabaki. Ameendesha kamati za harusi na za misiba kuanzia Tensta hadi kusini ya mji, na aliposikia Dada anataka kusafiri, kamati ilikuwa imeshaundwa kabla mama wa watu hajamaliza sentensi. Mjumbe wa nne alikuwa Mkongo, dereva wa basi linalotoka Tensta kwenda Spånga, mtu mkimya aliyekuja kila Jumapili baada ya kanisa na mfuko wa mikate ya iliki.

Mwenyekiti alisema namba nne, na kama kamati ya Marekani ina akili, namba tatu. Hoja yake ilikuwa ushindi. Timu ya binti ilikuwa imeshindwa mara tatu tu tangu Novemba. Akataka kujua mimi natafuta nini zaidi.

Mimi nilitaka kujua wamemshinda nani. Hicho ndicho kinachoitwa ugumu wa ratiba: si mara ngapi umeshinda, bali uliokutana nao walikuwa watu wa namna gani, na hao nao walikutana na nani. Chuo cha binti kilikuwa kwenye ligi ndogo, na timu nyingi za ligi ile zilikuwa dhaifu. Nilisema kamati ya kule itautazama ushindi wote huo na kuuliza una uzito gani. Mwenyekiti akasema sisi Watanzania hata habari njema tunaisoma kama wasia.

Aliyenielewa ni dereva. Alisema kazini kwake yuko mwenzao ambaye hajawahi kuchelewa, na wakubwa wanamsifu sana, lakini huyo ni wa Jumapili asubuhi, njia tupu, abiria watatu. "Mpe Jumatatu ya theluji," alisema, "ndiyo utamjua ni dereva ao ni bahati."

Jikoni mfuniko wa sufuria uligonga kwa nguvu.

"Mjumbe amepinga," dereva akanong'ona, nasi tukacheka kimyakimya kama watoto darasani.

Lakini Mwenyekiti hakuwa mtu wa kushindwa na mfano wa basi. Wiki iliyofuata alikuja amesoma. Alisema vyuo vikubwa vinakataa kuja kucheza na vidogo vilivyo vizuri, kwa sababu vikishinda havipati kitu na vikishindwa ni aibu. Sasa msichana afanye nini? Unamwadhibu kwa kutopigana na watu waliomkimbia? Halafu akakumbusha ile mechi ya Novemba waliyokwenda kwa wakubwa, wakashindwa kwa vikapu viwili. Nilisema kushindwa ni kushindwa. Akasema kamati ina macho. Hapo alikuwa na haki. Ratiba hawakujipangia wale wasichana. Walicheza na waliowekwa mbele yao, usiku wa Jumanne, kwenye kumbi zenye viti vitupu.

Tuliendelea hivyo Jumapili kadhaa. Kilichonisumbua ni siku za katikati. Nami nilikuwa na kibarua Kista, kubeba maboksi kwenye duka, na asubuhi nyingine nilipanda treni pamoja na mwanamke yuleyule ambaye Jumapili nilikuwa nikimdharaulia mtoto. Hakuniuliza kilichosemwa kikaoni. Kanuni ya kutoka nje aliitii kuliko sisi tulioitunga. Lakini asubuhi moja, tumesimama tumeshika nguzo, aliniambia bila kunitazama, "Wewe hutaki washinde?"

Nilisema nataka sana. Nilisema ninachoogopa ni yeye kuamini namba nne, akafika kwenye mji wa chuo na mabegi yake, akakuta mtoto amepelekwa kwingine. Hallonbergen hadi Kista ni mwendo wa kituo kimoja tu, lakini ni mrefu, na siku hiyo ulikuwa mrefu zaidi.

Jumapili ya uamuzi, Mwenyekiti alivaa tai. Kila mjumbe alitaja namba yake. Yeye alishikilia nne. Mimi nilisema kumi. Dereva alifikiri muda mrefu, akasema saba, nafikiri ili asimuudhi yeyote. Mwenyekiti alikunja mikono, akakubali kwa uchungu kwamba kwa wastani wa kamati, timu haitacheza nyumbani. Basi busara ni Mama aende Februari. Ataingia uwanjani na mwanawe, atapigiwa makofi, ushindi ni karibu wa hakika, kila kitu kinajulikana. Hakuna haja ya kumtuma mtu mzima akatangetange Marekani kufuata timu itakayotolewa siku ya kwanza.

Dada aliitwa, akasimama mlangoni akijifuta mikono. Mwenyekiti alimsomea uamuzi kwa lugha ya vikao, pamoja na shukrani kwa uvumilivu wake. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza mimi.

"Wakipewa hiyo kumi yako, watashinda?"

"Mechi ya kwanza labda, Dada. Ya pili itakuwa ngumu."

"Kwa hiyo ndiyo siku atakayoshindwa."

Dereva aliweka chini mkate wake.

"Siku ya makofi ana chuo kizima," alisema. "Atashikwa mkono na mwalimu wake, atacheka, mimi nitaiona kwenye simu. Hii nyingine, akitoka uwanjani, atashikwa na nani?" Alikunja kitambaa chake taratibu. "Mimi nilidhani hiyo ndiyo mnayoitafuta. Nilidhani mnataka kujua kama watapangwa vibaya, ili niende."

Mwenyekiti alishika kijiko, akakiweka chini tena. Jumapili zote zile tulizobishana, hakuna kati yetu aliyeliona swali kutoka upande huo. Tuliona namba nzuri ndiyo sababu ya kwenda, na mbaya ndiyo sababu ya kubaki.

Dereva ndiye aliyeanza. "Donc, basi," alisema, "Mama akate tiketi ya mpaka Chicago. Kule iko ndege ya kila fasi, ya kila mji. Wakishatangaza, tutajua anapanda gani."

Ikawa hivyo. Binti alifurahi aliposikia ni Machi. Alisema kwa Kiswidi, kama alivyomjibu mama yake siku zote, kwamba alijua tu mama ataiamini timu. Dada hakumsahihisha. Februari ilipofika tuliitazama sherehe mezani jikoni alfajiri: binti akiingia ameshikana mkono na kocha, anacheka, shingoni ana shada la maua. Dada aliitazama mara mbili, akafunga simu, akavaa viatu vya kazini.

Timu ilichukua ubingwa wa ligi yao ndogo, na kwa hilo ikapata tiketi ya kuingia. Tangazo lilitolewa usiku wa huku, tukalisoma asubuhi. Namba kumi na mbili. Hata mimi nilikuwa nimewapendelea. Wangecheza na namba tano, ukumbi wa wenye namba nne, jimbo la mbali kusini. Mwenyekiti alinipigia kutoka ofisini akiwa amekasirika kiasi cha kusahau salamu. Alitaka nikubali kwamba ni dhuluma. Nilikubali. Dada aliuliza tu mahali hapo panaitwaje, na kama kuna baridi.

Alipaa Jumatano. Dereva alimpeleka uwanja wa ndege wa Arlanda kwa gari lake, na Mwenyekiti alimpangia ndege ya pili kutoka Chicago, akampigia huko mara tatu kuhakikisha amepata lango.

Mechi ilikuwa jioni ya huku, hata jua la Machi lilikuwa halijazama sawasawa. Tulikaa watatu sebuleni kwake, kila mmoja kwenye kiti chake cha kamati. Wasichana walicheza vizuri. Mapumziko wakawa mbele, na Mwenyekiti akasimama akazunguka meza bila kusema neno, asije akaleta nuksi. Kisha wale wengine, waliozoea kila wiki kukutana na watu wa namna ile, wakaanza kuwafikia. Hawakuharakisha. Binti alifunga vikapu viwili vya mbali vilivyotuinua vitini, lakini walishindwa. Kengele ilipolia, kamera ilikwenda kwa washindi wanaorukaruka. Pembeni kabisa mwa picha nilimwona binti anatembea kuelekea viti vya watazamaji, uso ameufunika kwa jezi, halafu picha ikahama.

Hatukuondoka. Dereva alisema zamu yake ni asubuhi, lakini akabaki ameshika koti. Baadaye Mwenyekiti alishindwa kuvumilia, akapiga simu, akaiweka katikati ya meza ili sote tusikie. Dada alipokea kwa sauti ya chini sana. Nyuma yake kulikuwa na mngurumo wa gari.

Mwenyekiti alianza palepale. Alisema kamati ya Marekani imewaonea, kwamba timu iliyoongoza vile dhidi ya namba tano haikuwa kumi na mbili, kila mtu ameona leo, na kwamba hata huyu Mtanzania hapa...

"Baba, hayo ni ya Jumapili," alisema Dada. "Kocha ameniruhusu kupanda basi lao. Mtoto amenilalia hapa, amelia mpaka amesinzia. Usipaze sauti."

Mwenyekiti akainama juu ya meza, na sisi wawili tukainama naye. Akamuuliza kwa kunong'ona kama amekula.