Jeshi Nililolipaka Piko

Kazi yangu mimi ni hina. Mishomoroni, bi harusi akitaka maua yanayopanda mpaka kiwikoni, huletwa kwangu, nami humkalisha mkekani saa nne bila huruma. Kwa hiyo siku shemeji yangu, mume wa dada, aliponionyesha wanajeshi wake wa plastiki, nilicheka mpaka nikakaa chini. Hawakufika urefu wa kidole changu cha mwisho, askari wa enzi za wakoloni pamoja na afisa wao Mzungu, na wote walionekana kama wamechovywa kwenye uji.

"Huyu ana macho matatu?" nikamuuliza.

"Mawili," akasema kwa uchungu. "Hilo la tatu ni kifungo."

Shemeji ni ajenti wa kutoa mizigo bandarini, Kipevu. Kila Jumapili yeye na wenzake hukutana Changamwe, chumbani kwa dereva wa kreni, mtu wa bara. Hutandika kitambaa cha kijani mezani, wakapanga vilima vya maboksi, kisha wakapigana vita vya zama za babu zetu kwa dadu na tepu ya fundi wa nguo. Nilianza kumpakia rangi watu wake kwa kumwonea huruma tu: kofia nyekundu, mikanda, vifungo vya shaba kwa ncha ya kijiti cha meno. Mkono uliozoea kuchora ua juu ya kidole haushindwi na kifungo. Baada ya miezi michache nilikuwa nawapakia na wenzake wote, na hakuna aliyenikaribisha kucheza.

Nami nilitaka kucheza, nilitaka mpaka roho inaniuma. Siku niliyopeleka kazi na kuwatazama, jambo moja lilinikera sana. Wenyeji, wale wa kupigana na safu ya askari, walipewa mtu yeyote aliyechelewa kufika. Walipakwa hudhurungi moja, nguo na ngozi na ngao, na kila Jumapili walishindwa kabla ya chai. Nikasema, hawa nipeni mimi.

Dereva wa kreni, ambaye ndiye refa, akakuna kichwa. "Sawa, siste. Lakini sheria ya hapa unaijua. Jeshi halijapakwa rangi, halikanyagi meza. Uwe na arobaini kufikia Jumapili. Ukikilinda kile kisima cha katikati ya meza mpaka raundi ya mwisho, kiti ni chako. Ukishindwa, unarudi kwa brashi."

Shemeji ndiye angeongoza askari. Alicheka sana siku hiyo, na mimi nikacheka kumzidi.

Wiki yenyewe ilikuwa na maharusi watatu. Bi harusi akiondoka, mimi naingia vitani. Kila mtu nilimpa kikoi chake na pindo lake, mzee mmoja akapata kanzu nyeupe na mvi, na ngao ya kiongozi nikaichora mti wa maua ambao mabibi harusi hulipia zaidi. Ngozi nazo nilizichanganya kama zilivyo kwenye harusi yoyote ya kwetu, kuanzia maji ya kunde mpaka weusi wa tititi. Nilikuwa na raha ambayo sijui niieleze vipi. Nilikuwa naimba peke yangu.

Jumamosi alasiri, wakiwa wamebaki kumi na wawili, ile rangi nyeusi nyepesi ya kujazia mikunjo ya nguo ikaisha. Kando yangu palikuwa na bakuli la piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maharusi. Nikalizimua kwa maji, nikawapaka. Mikunjo ikatokea, misuli ikatokea, nikapiga kigelegele mpaka jirani akauliza kuna nini. Nani asiyejua kwamba kazi ya piko ni kushika ngozi? Mimi ninayekula kwa piko sikukumbuka.

Jumapili feni ya Changamwe ilikuwa imekufa na kila mtu alikuwa anatoa jasho. Walikusanyika kulitazama jeshi langu wakiwa na mikono nyuma, maana pale ni mwiko kugusa mtu wa mwenzako. Mimi wangu nawasogeza kwa kushika kitako wanachosimamia, mazoea ya anayeogopa kuharibu kazi. Shemeji akaleta safu yake, afisa mbele. Nikarusha dadu, sita. Nikarusha tena, sita! Nilipiga ukelele usiomfaa mtu mzima. Afisa akalala chali, askari wakarudi kilimani, na kufikia raundi ya kabla ya mwisho wale kumi na wawili wangu walikuwa wamekizunguka kisima. Nilikuwa nimeshika meza kwa mikono miwili ili nisiruke.

Hapo ikaadhiniwa alasiri. Nikaomba ruhusa, nikaenda kuswali chumba cha jirani, na refa naye akatoka kuchemsha chai; wengine walikuwa wameshatoka barazani kutafuta upepo. Niliporudi, watu wangu walikuwa mbali na kisima, upana wa kiganja kizima.

"Shemeji, hawa walikuwa kisimani."

"Umechanganyikiwa na joto," akasema. Huyu mtu huapa wallahi hata akikwambia jua limechomoza, lakini safari hii hakuapa.

Nikajitilia shaka. Nilitazama meza na macho yakaanza kuniuma, nikaona kile kiti kinakwenda zake. Refa akaingia na birika, akatumiminia chai. Shemeji akainua kikombe.

Kidole gumba na viwili vya jirani yake vilikuwa vyeusi mpaka kwenye kifundo, piko safi kabisa iliyoamshwa na jasho, kazi ambayo mimi mwenyewe ningeitoza pesa.

"Shemeji," nikamwambia polepole, "harusi lini, mbona hukutualika?"

Refa akatazama vidole, akatazama watu wangu, akaweka birika chini. Kisha akaangukia kitanda kwa kicheko. Shemeji akakimbilia bombani. Sabuni, limau, mchanga, hakuacha kitu. "Kesho nina kikao na watu wa forodha!" akalia.

"Itatoka," nikamjibu kitaalamu, "baada ya wiki mbili."

Refa aliwarudisha watu wangu kisimani kwa kijiko, tukacheza raundi ya mwisho. Shemeji alirusha dadu kwa vidole vyake vya bi harusi, akapata moja. Kisima kilibaki changu. Nilipiga vigelegele, mwenye chumba cha jirani naye akaitikia bila kujua kwa nini.

"Lakini ndugu," refa akamuuliza, "kwa nini?"

Shemeji akainamia kikombe. "Akipata kiti, atakuwa na jeshi lake. Langu nani atanipakia?"

Kicheko kikanikatika. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza mpaka magharibi. Miezi yote hiyo nilidhani ananiona sikitoshi kiti, kumbe mtu alikuwa anaogopa kuachwa. Nikamkasirikia, nikampenda, yote kwa pamoja.

"Shemeji," nikamwambia, "ungeniuliza tu. Kwani nikiketi, mkono utanikatika?"

Akanisogezea kiti kwa kiwiko, asije akakichafua.