Mikato kwenye Mcheri wa Handakini

Chiyono alikuwa amepogoa micheri ya bustani ya ngome, mjini Hirosaki, kwa miaka ishirini na miwili, na kila tawi alilokata alilikumbuka. Ndiyo maana Februari ile, theluji ikimfika magotini, alisimama ghafla chini ya mti mkongwe kando ya handaki la maji. Tawi moja lilikuwa limekatwa, na si yeye aliyelikata.

Mkato ulikuwa safi, umepakwa dawa. Huyu anaijua kazi, aliwaza. Macho yakamwendea Mikami, kibarua aliyeajiriwa mwezi huohuo.

Maua yalipochanua, watu wakafurika na mikeka yao kuyatazama, akakuta mkato wa pili. Wakati wa joto, wa tatu. Mti uleule. Akawa ananusa msumeno wa Mikami kila asubuhi, akitafuta harufu ya utomvu.

"Mama, unatafuta nini kwenye vitu vyangu?" Mikami akamuuliza siku moja.

"Nani anakutuma kwenye ule mti?"

"Mti gani?"

"Usijifanye hujui. Umekuja wewe, na matawi yameanza kupungua."

Tangu siku hiyo Mikami alikula chakula chake peke yake, amempa kisogo.

Majani yalipogeuka mekundu, alfajiri moja Chiyono akajibanza nyuma ya ukuta wa mawe. Akatokea mzee Narita, aliyemfundisha kazi kabla hajastaafu, akachomoa msumeno mdogo kwenye koti.

"Mzee, kumbe ni wewe?"

Narita hakushtuka. "Ukipogoa unaacha vishina vya matawi, Chiyono. Maji yanaingia, tawi linaoza, ndipo nalikata."

"Si ungeniambia tu?"

"Ungesema mzee ameanza kuchanganyikiwa."

Chiyono akapeleka kidole kwenye kishina alichoacha mwaka juzi. Kilizama kwenye mti uliooza.

"Nimemsingizia mtu kwa sababu yako," akasema taratibu.

"Hapo umejiponza mwenyewe, mwanangu. Mimi sikukutajia mtu."

Chiyono akaenda kwenye banda la vibarua, akamwinamia Mikami kumwomba radhi mbele ya wenzake, akasema yote. Mikami aliendelea kumenya tufaha lake.

"Nimekusikia, mama. Ila nimeshaomba nihamishiwe upande wa mashariki."

Theluji iliporudi, Mikami alikuwa ng'ambo ya handaki, juu ya ngazi. Chiyono alimtazama akipogoa mti baada ya mti, na hakuvuka daraja kwenda kumkagua.