Paka wa Gudveig na Mgeni wa Oslo

Gudveig alizaliwa kwenye shamba lililong'ang'ania ubavuni mwa jabali, juu kabisa ya mkono wetu wa bahari. Kushuka kwao ni kwa ngazi ya mbao. Ndugu zake walishuka mmoja baada ya mwingine, hawakupanda tena. Akabaki yeye na baba yake, mzee Torleiv, aliyepooza mguu. Mimi Eivind ndiye niliyewapelekea unga na kahawa kwa boti.

Kiangazi kimoja cha miaka ya sabini, Sverre, mtu wa Oslo, alinikodi nimpeleke kwao. Alikuwa akizunguka mashambani kutafuta paka waitwao wa msituni, wale wetu wa asili, awazalishe kabla damu yao haijachanganyika ikapotea. Nilimcheka. Paka nao wana ukoo?

Gudveig alipomtoa paka wake Mons, dume lenye manyoya mazito shingoni kama kola pana ya kasisi wetu, Sverre alipiga magoti.

"Pua imenyooka, masikio yana vishungi. Na manyoya haya ya juu hayapitishi maji!"

"Hayapitishi. Akinyeshewa anajikung'uta tu, basi."

Mons akaparamia msonobari, akashuka kichwa mbele kama kindi. Sverre akapiga makofi. Sikuwa nimemwona Gudveig akicheka hivyo tangu tulipokuwa shule.

Sverre akarudi, na akarudi tena. Safari hiyo ya tatu hakumgusa hata paka. Alikaa jikoni na Gudveig wakila uji wa krimu, hadi mzee akagonga sakafu kwa fimbo yake.

"Wee Gudveig! Huyo anatafuta paka gani ndani ya sufuria?"

Tulipokwenda tena, Gudveig alikuwa malishoni na mbuzi. Aliporudi alimkuta Mons kapuni, mfuniko umefungwa.

"Nimempa," mzee akasema.

"Umempa? Paka wangu?"

Sverre akaiva uso. "Aliniambia umekubali."

"Baba, tangu Mama afe sijakuomba kitu."

Mzee hakumtazama. "Nilidhani akishapata paka hatakuja tena," akasema polepole. "Nani ataniinua asubuhi, mwanangu?"

 Gudveig akalibeba kapu mwenyewe, akashuka nalo hadi kwenye boti.

"Njoo nawe," Sverre akamwambia. "Mzee tutamtafutia mtu."

"Mtu gani atakubali kuishi huku?"

Sverre akanigeukia mimi. Nikajifanya nahangaika na kamba. Huko juu fimbo ilikuwa ikigonga, ikigonga.

Gudveig akapenyeza vidole kapuni, Mons akavilamba.

"Usimfungie ndani. Niahidi."

"Nakuahidi."

Gudveig akapanda ngazi bila kugeuka. Njia nzima paka alilia mpaka tukafika gatini.

Nasikia Mons alishinda maonyesho huko Oslo. Sverre alioa mwaka uliofuata. Mzee Torleiv aliishi miaka mingi mno, na alipokufa tulimteremsha kwa kamba. Siku hiyo nilimuuliza Gudveig, "Sasa utashuka?"

"Niende wapi, Eivind? Hata barabara sijui kuivuka."

Bado yuko kule na mbuzi wake. Nikimpelekea kahawa hunizuia mlangoni kwa maneno madogomadogo, hili na lile, mpaka nimdanganye kwamba upepo umegeuka, niwahi boti.