Mpira au Tundu

Efrazia hakutulia. Tangu asubuhi alizunguka ua wa hospitali hapo Gitega, mtoto mgongoni, kitenge kimemfunika mtoto kichwa ili watu waache kukikodolea macho. Adventina, miezi saba, alikuwa na maji kichwani, na jibu la wazazi lilitakiwa kabla ya saa sita.

"Mama, iko njia mbili," alikuwa amewaeleza Daktari Anatoli. "Mpira, tunautia kwa kichwa mpaka kwa tumbo, maji inashuka. Ao tunatoboa tundu huko ndani, maji inajitafutia njia. Tundu linaweza kujifunga miezi ya mwanzo, tuanze tena. Mpira nao ukiziba, hata kisha miaka mingi, ni mbio hospitali, siku ileile. Donc, ni nyinyi munachagua."

Nazario, mumewe, alichagua palepale: mpira. Mtu wa imani huyo, aliamini amani imekuja kukaa! Tangu warudi kutoka ukimbizini Tanzania alikwisha ezeka nyumba kwa mabati kule Muyinga na kupanda kahawa, na aliyetaja kukimbia mbele yake alikiona cha moto.

Efrazia yeye alivuka mpaka mara mbili, ya kwanza mgongoni mwa mama yake, ya pili kwa miguu yake. Kambini alipanga foleni nusu siku kupata vidonge vya homa tu. Nani kule angeshughulikia mpira ulioziba kichwani mwa mtoto? Heri tundu. Aliona aibu kumwuliza daktari swali kama hilo wakati wa amani, ndiyo maana alizunguka tu, roho juu juu.

Mwishowe alimwendea mumewe kwenye benchi.

"Baba Adventina, mpira unataka tutulie mahali pamoja. Niapie kwamba hatutakimbia tena, nami naweka kidole kwenye karatasi ya mpira sasa hivi."

Nazario akacheka. "Mambo ya zamani hayo, mke wangu."

"Basi apa."

Akafungua kinywa. Akamtazama mtoto, akakifunga. Muuguzi aliwaita mara ya kwanza, akawaita tena, na mwanamume aliyegombana na majirani wa kilima kizima kwa kudai amani imerudi alikuwa bado anasugua magoti yake.

"Tundu," alimwambia muuguzi, akaenda kutia sahihi.

Efrazia alikuwa amepata njia aliyoitaka. Alikaa kwenye benchi akalia kwa uchungu, maana muda wote ule alikuwa akiomba moyoni mumewe aape.